Mikono Nyuma: Miaka Thelathini na Mitatu ya Bi Hajra Msabaha

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Hajra Msabaha, mhazili wa shule yetu, anatimiza miaka sitini ya umri na thelathini na mitatu ya kazi, na anastaafu. Alianza Julai 1992 na taipureta iliyokosa herufi moja, akawa anaijazia kwa kalamu katika kila barua. Anaacha ofisi yenye kompyuta tisa. Zote zinafanya kazi, na hakuna hata moja iliyonunuliwa mpya.

Hilo la mwisho ndilo linalotuacha vinywa wazi mpaka leo. Mwaka 2016 virusi vya kwenye fleshi viliharibu matokeo ya kidato cha pili, na fundi aliyeitwa akashauri mashine zote zitupwe. Bi Hajra aliomba apewe moja ajaribu. Hakuwahi kusomea kompyuta. Alijifunza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotolewa bure, peke yake, kwa simu na daftari, na baada ya mwezi mashine ile ikawa inawaka kabla hujavuta kiti.

Kisha akatugeukia sisi. Wabishi tulikuwa wengi, na kinara wao ni mimi ninayeandika haya, Twalib wa Jiografia. Nilishikilia kwamba kitu cha bure lazima kiwe na walakini. Bi Hajra hakubishana. Aliketi nami asubuhi nzima akiandika kila ninachobonyeza, halafu akaniwekea vyote palepale nilipovizoea. Anapofundisha hufunga mikono nyuma, na hagusi kipanya cha mtu. Mwalimu Dija alimsimamisha nusu saa akitafuta pa kuchapishia, na Bi Hajra hakusogeza kidole. Tulimwona mkatili. Leo Mwalimu Dija ndiye anayewafundisha wageni.

Ndugu zake nao hawakusalimika, kuanzia Fukayosi hadi Saadani. Lakini mwaka 2019 alikosea, na ameomba mwenyewe jambo hili lisiachwe. Wifi yake wa Mlingotini, Bi Bimdogo, mjane wa kaka yake Maalim Abuu, alikuwa na rekodi kumi na nne za marehemu akisomesha madrasa na kuomba dua. Sauti ya Maalim haikuwepo mahali pengine popote. Bi Hajra alinakili kila folda, akafuta mashine, akaweka Linux. Kumbe rekodi zilikuwa kwenye pipa la taka la kompyuta. Bi Bimdogo alizihifadhi humo kwa makusudi, kwa kuwa wajukuu hufuta kila kitu ila hawachezei taka.

Mwingine angesema mashine imekufa, na nani angejua? Bi Hajra alimweleza wifi yake siku ileile, ana kwa ana, kwamba kosa ni lake. Bi Bimdogo alilia sana, kisha akamwambia aichukue mashine na asirudi mikono mitupu.

Bi Hajra alipata programu inayofukua mafaili yaliyofutwa. Ikamletea mafaili ya sauti zaidi ya elfu mbili, hayana majina, mengi yakiwa miziki ya wajukuu na milio ya michezo. Aliyasikiliza moja baada ya jingine kila alasiri, siku ishirini na mbili. Alipoisikia sauti ya kaka yake kwa mara ya kwanza, alitoka akasimama uwanjani, na sisi tuliomzoea mkavu tukamwona akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alizipata kumi na moja. Tatu hazikurudi, na bado zinamuuma.

Tangu hapo, swali lake la kwanza kwa kila mtu ni kwenye taka ameweka nini. Hata mkuu wa shule aliulizwa, na barua mbili zikaonekana humo.

Bi Hajra, tunakushukuru, na mimi naomba radhi kwa ubishi wangu. Ratiba ya leo ina jambo moja ambalo hukulipanga wewe. Bi Bimdogo amekuja na kompyuta yake kutoka Mlingotini, na atatufungulia dua ya Maalim Abuu kwa mkono wake mwenyewe. Akichelewa kuipata, tutamsubiri. Tunakuombea afya, utulivu na maisha marefu yenye kheri. Nawe leo kaa hapo mbele, mikono nyuma.