Siku Tatu za Endawie katika Nyumba ya Ensiring

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Endawie anak Jimbai, yaani mwana wa Jimbai, ametutoka. Ametutoka Jumanne alfajiri, akiwa na miaka themanini na mmoja. Ndiye yule Endawie aliyekuwa mjumbe wetu katika Bunge la Jimbo la Sarawak. Vipindi viwili. Miaka kumi.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa mashine za mitumbwi. Mkewe, Mama Sendi, anasema asubuhi ya kuapishwa alimsugua kucha kwa ndimu na majivu, na grisi haikutoka. Viatu aliazima kwa shemeji yake. Vilimbana, akavivua chini ya meza ya Bunge.

Bungeni hakuwa msemaji. Alikuwa na jambo moja: zahanati ya Ulu Menyarai, huku kwetu juu ya mto. Miaka kumi aliiomba zahanati, na mwaka wa kumi ramani ikachorwa. Ilibaki ashinde mara moja tena, aisimamie.

Siku tatu kabla ya kura, mtumbwi wake ulipanda mto, patu za shaba zikilia, kipaza sauti kikilitaja jina lake. Wakafika chini ya nyumba ndefu ya mzee Ensiring, nyumba ya milango arobaini, kila mlango familia yake. Gatini hapakuwa na mtu. Wakadhani hawajasikika, wakazidi kupiga. Kumbe mama yake Ensiring alikuwa amefariki jana yake. Na nyumba iliyofiwa, upatu haulii hata kwa mbali.

Ensiring, mkuu wa nyumba ile, alishuka ngazi polepole. Hakugomba.

"Baba Sendi," alisema, "mama yangu bado amelala barazani. Unamchezea ngoma?"

Mpiga kampeni wa Endawie, Lasu, alimnong'oneza waache kuku na sahani, kama mila inavyomtaka mkosaji, waondoke zao. Mbele ziko nyumba kumi na moja zinamsubiri.

"Lasu, unanihesabia milango mbele ya maiti?" alisema Endawie. "Nimemkosea marehemu mwenyewe. Nitakaa naye mpaka azikwe."

Akakaa. Siku tatu, barazani, pamoja na wafiwa. Mpinzani wake akazipitia zile nyumba kumi na moja, moja baada ya nyingine. Endawie akashindwa kwa kura sitini na moja. Sitini na moja tu.

Mama Sendi alimtania: "Umekwenda kuomba kura, umerudi unanuka moshi wa matanga."

Yeye hakucheka. Zahanati ilichelewa miaka tisa. Miaka yote hiyo tisa aliwateremsha wagonjwa na wajawazito kwa mtumbwi wake, saa sita za mto mpaka hospitali. Wengine walifika. Wengine hawakufika.

"Alijuta, nisiwadanganye," anasema Mama Sendi. "Akirudi na mtumbwi wenye msiba ananiuliza, 'Ningekwenda tu kwenye zile nyumba, mama?' Namwambia, 'Na kwa Ensiring ungerudi na uso gani?' Asubuhi nasikia anawasha mashine."

Mama Sendi, Sendi na wajukuu, poleni sana. Poleni pia watu wa nyumba ya Ensiring, mliofiwa na ndugu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mkae leo na lile swali lake: ningekwenda tu? Msilijibu haraka. Mwenyewe alilibeba miaka ishirini na saba.