Choo Kimoja kwa Kila Nyumba

Keziya, mhudumu wa afya, alikuwa anarudi Kyela nyuma ya pikapu, amechoka kuhubiri vyoo vya wafadhili. Mzee Abrahamu, aliyekalia gunia la mpunga mbele yake, hakuwa amechoka hata kidogo.

"Choo chenu kizuri, mama. Lakini anakitumia mke wa mwanangu. Mimi baba mkwe niingie alimotoka yeye? Naenda zangu kujisaidia kwenye mikakao."

"Na kipindupindu je, baba?"

"Nileteeni simenti ya cha pili."

"Mradi unatoa choo kimoja kwa kila nyumba."

"Basi wazungu wenu wamehesabu nyumba, wakwe hawakuwahesabu."

Abiria wakacheka. Keziya hakucheka, kwani ile ilikuwa nyumba ya saba kumjibu hivyo wiki ile, na wote walikunywa maji ya mto mmoja.

Pikapu ikasimama. Barabarani alisubiri mkwe mwenyewe wa Abrahamu, mtoto amemlegea mgongoni, khanga imelowa kwa kuhara. Alipomwona mzee akafunika uso, akarudi migombani. Mzee naye akatazama pembeni, kama adabu inavyotaka: kwao mkwe na baba mkwe hawaonani, wala hawapandi gari moja.

"Usiondoe gari," Keziya akamwambia dereva. "Baba, shuka, mkwe wako ampeleke mtoto hospitali. Wewe utapanda inayofuata."

"Inayofuata ni kesho," akajibu mzee, bila kugeuka wala kuinuka kwenye gunia.