Benchi la Nne Lililobandikwa Ukutani

Pembeni mwa duka la kinyozi, pale barabara ya lami inapokutana na ya vumbi, kuna benchi refu lililopakwa bluu na nyeupe, rangi za timu ya mtaa. Wenyewe ni watatu. Waziri hushona viatu na hajawahi kuwa waziri wa chochote. Redio ndiye kinyozi, na hakuna aliyewahi kujua anazimwaje. Rangi hupaka nyumba, siku akipata nyumba. Anayewauzia kahawa ni Mama Buli, na asubuhi hiyo alimimina huku akisikiliza kila neno, kwa sababu aliyekuwa akisemwa ni binti yake.

Kisa kilianzia ukutani. Serikali ilikuwa imeleta utaratibu mpya: kila ruzuku na kila mchango inaoutoa, uwe fedha au kitu, ubandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa pamoja na jina la aliyepokea, kila mtu asome. Karatasi ilibandikwa jana. Mstari mmoja ulisema zahanati ilipewa mabenchi manne ya kukalia wagonjwa. Zahanati ina matatu. Msimamizi wake, ambaye mtaa mzima humwita Sista, ni mtoto wa Mama Buli. Alasiri hiyo kulikuwa na mkutano wa mtaa, na Waziri alikuwa ameshaomba azungumze wa kwanza. Alitaka Sista aondolewe.

— Mama, usituchukie, alisema Waziri akinyoosha kikombe. Sisi ugomvi wetu ni na benchi, si na wewe. Ongeza kidogo hapo.

— Mwanangu hajauza benchi, alisema Mama Buli. Alisema limepotea tangu mwaka jana, kabla hata karatasi haijaandikwa. Mkamcheka.

— Lakini mama, benchi lina miguu minne, alidakia Redio. Likipotea si lingerudi lenyewe?

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika.

— Nimelipigia hesabu, alisema Waziri. Benchi liliuzwa, hela ikanunua cherehani. Cherehani ikauzwa, ikanunua kiwanja. Saa hizi tunavyoongea, Sista ana ghorofa mahali.

— Amepanga chumba kimoja, alisema Mama Buli. Choo wanachangia nyumba nzima.

— Ndiyo ujanja wenyewe! Mwenye ghorofa la wizi atakubali ulione?

Rangi alitikisa kichwa kama daktari aliyeletewa majibu mabaya.

— Ninyi mnaangalia karibu mno. Jiulizeni, kwa nini serikali itangaze? Jirani akinipa chumvi, halafu aende kubandika ukutani kwamba kanipa chumvi, mimi najua kuna kitu anakitaka.

— Kitu gani?

— Kura. Au figo.

— Figo za nini, wewe?

— Sasa zahanati wameiweka ya nini?

Redio alikuwa amekosa zamu ya kusema kwa sentensi tatu nzima, akawakatiza.

— Wote mmepotea. Benchi la nne halikuwahi kuwepo. Huandikwa manne ili yafike matatu. Ukiandika matatu, yanafika mawili. Mimi nawanyoa watu wa ofisini, hayo ndiyo mazungumzo yao.

— Kama halikuwahi kuwepo, mwanangu kaiba nini? aliuliza Mama Buli.

Redio aliinua kidole kama mwalimu.

— Kaiba pengo.

— Na pengo lina bei yake! alisema Waziri, akapiga goti.

Mama Buli aliitazama shingo ya Waziri, kisha akalitazama buli lake lililokuwa likitoa mvuke, akaona bora aliweke chini. Sista alisomeshwa na buli hilo. Mama alijua asubuhi ni utani wa kijiweni, lakini alasiri utani huohuo ungesimama mkutanini na kuitwa hoja, na mtoto wake angerudishwa nyumbani na sifa ya wizi.

— Mimi karatasi nimeisoma, alisema. Wala siipingi. Mabenchi yalitolewa manne, na vizuri wameandika, maana zamani mngenong'ona, leo mnanisema machoni. Basi la nne lipo mahali. Tukalitafute kabla ya mkutano.

— Tukalitafute wapi, mtaa wote huu? alilalamika Rangi, akajinyoosha juu ya benchi.

— Tuanze na ghorofa, alisema Waziri.

Hapo akaja mwanamke mjamzito, mkono kiunoni, akitokea upande wa zahanati. Alikuwa mgeni, familia yake ilihamia mtaani juzijuzi.

— Hamjambo jamani. Nisogezeeni kidogo nikae. Kule zahanati mabenchi yamejaa, tumesimama mpaka miguu imevimba.

Wakamsogezea. Alikaa, akashusha pumzi, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa benchi. Akainama, akatazama miguu yake.

— Hili si ni sawasawa na yale ya kule? Hata hiki chuma cha kati kipo. Mlilinunua wapi?

Waziri alimtazama Redio. Redio alimtazama Rangi. Rangi alitazama ndani ya kikombe, na kilikuwa kitupu.

— Lilikuwepo tu, alisema Waziri.

— Tangu lini? aliuliza Mama Buli.

— Tangu ile fainali ya mwaka jana, alisema Redio, kwa sauti ambayo wateja wake hawakuwahi kuisikia. Timu iliposhinda, wageni walizidi. Tukaazima.

— Kwa nani?

— Ilikuwa Jumapili, mama. Hapakuwa na mtu wa kumwomba.

— Hapakuwa na mtu wapi?

— Pale... barazani. Pale zahanati.

— Simameni.

Walisimama wote, hata mjamzito.

— Siyo wewe, mwanangu. Wewe kaa.

Mama Buli alipiga magoti vumbini, akachungulia chini ya ubao. Huko bluu na nyeupe hazikufika. Kulikuwa na maandishi meusi: ZAHANATI. MCHANGO WA SERIKALI.

— Rangi, ulipopaka hukuyaona haya?

— Niliyaona, mama. Nilidhani ni jina la fundi.

Dakika chache baadaye mtaa ulishuhudia maandamano ambayo hayakuwa na kibali. Mbele alikuwa Mama Buli, buli mkononi. Nyuma yake mjamzito, akitembea pole pole, na hakuna aliyethubutu kumpita. Kisha benchi, Waziri mbele, Redio nyuma, Rangi katikati akisaidia kwa kuguna. Watu walitoka milangoni.

— Mnahama? aliuliza mwenye duka.

— Tunatangaza! alijibu Mama Buli, bila kugeuka.

Kwenye baraza ya zahanati akina mama walikuwa wamesimama na watoto mgongoni. Sista alitoka akivua glavu.

— Mama, kuna nini?

— Waziri alitaka kuzungumza wa kwanza. Nimekuletea mapema.

Waziri alitua benchi, akajifuta jasho.

— Benchi la nne limeonekana, alisema.

— Lilikuwa wapi? aliuliza Mama Buli.

— Kijiweni.

— Nani alilichukua?

— Sisi.

— Sauti, baba. Wa nyuma hawasikii.

— Sisi! alipaza Waziri. Tulilichukua sisi! Sista hajauza kitu!

Vigelegele vilipanda mpaka watoto wakaamka. Mwanamke mmoja alimshika Sista mkono na hakuuachia. Sista alilitazama benchi lililorudi na rangi za timu, akacheka mpaka akajifuta macho.

— Liegemezeni ukutani, alisema. Taratibu.

Mjamzito alikaa wa kwanza. Wengine wakajaa pembeni yake, na Mama Buli akaanza kuwamiminia kahawa ya bure. Waziri alisitasita mlangoni.

— Sasa mama, si nimeshasema? Kwenye mkutano alasiri nisiende tu?

— Utakwenda, na utazungumza wa kwanza kama ulivyoomba. Hapa wamesikia wagonjwa, baba. Wazima bado hawajasikia.