Mama Damaris Nyamusi Anyona, Mtengenezaji wa Kapsuli za Mosocho (1968–2025)

Damaris Nyamusi alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Job Omwenga na marehemu Mama Esnah Moraa, wakulima wa chai na ndizi. Waliokua naye wanakumbuka kwamba hakupenda kuambiwa jambo haliwezekani. Hakubishana. Aliondoka, kisha akarudi jambo lenyewe likiwa limefanyika.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kiogoro, kisha sekondari Nyanchwa, akipanda na kushuka kilima kile kwa miguu hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka wa 1985. Alipenda kemia kuliko masomo yote. Karo haikuruhusu aendelee, na hilo lilimuuma, lakini madaftari yake ya kemia aliyahifadhi hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka wa 1987 aliajiriwa katika kiwanda cha dawa Nairobi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukaa mezani akiondoa kapsuli mbovu: zile kapsuli laini, zinazong'aa, ambazo huwa na mafuta ndani. Baada ya miaka sita alikabidhiwa mashine yenyewe. Alijua kuyeyusha jelatini, ambayo ndiyo ngozi ya kapsuli, pamoja na maji na gliserini mpaka povu liishe, kuimwaga iwe tepe mbili nyembamba, na kuzikutanisha tepe hizo kwenye magurudumu yanayozishona na kuzikata huku mafuta yakiingia katikati. Alisema mashine humaliza kazi yake kwa sekunde moja; kazi ya binadamu ni kukausha. Kila fungu alilolisimamia, alichukua kapsuli kumi, akazilaza juu ya karatasi nyeupe hadi kesho yake. Doa moja tu la mafuta likionekana, fungu zima lilirudi.

Tarehe 11 Desemba 1994 alifunga ndoa na Mwalimu Haron Anyona wa Nyamira, katika kanisa la Waadventista Nyanchwa. Mwalimu husimulia kwamba siku ya kwanza alipomtembelea alimpelekea pakiti ya peremende aliyokuwa ameibeba mfukoni juani, zikashikana. Damaris alizitazama, akasema, "Hizi zilifungwa kabla hazijakauka." Mwalimu akamjibu, "Ndiyo maana nimezileta kwa fundi." Damaris alichukua kisu akazitenganisha moja moja, na Mwalimu anasema alijua siku hiyo kwamba amepata mtu asiyetupa kitu upesi. Walijaliwa watoto watatu, Gesare akiwa wa kwanza.

Kiwanda kilipofunga idara yake mwaka wa 2015, wengi walidhani atapumzika. Yeye alirudi nyumbani na, mwaka wa 2017, akafungua kiwanda kidogo Mosocho, kwa mashine kuukuu na mafuta ya parachichi kutoka kwa wakulima wa Kisii na Nyamira. Mzee mmoja wa kanisa, maana Waadventista hatuli nguruwe, alimuuliza, "Mama Gesare, hiyo ngozi ya kapsuli ni ya mnyama gani?" Akamjibu, "Ng'ombe, mzee. Na barua ya kuthibitisha ninayo mkobani." Na kweli, aliitoa.

Kilichomshinda kwa muda mrefu ni hewa yetu. Huku mvua hunyesha karibu kila alasiri, na kapsuli haikauki penye unyevu. Mafungu ya kwanza yalishikana, na wakaguzi wakayakataa mara mbili. Yeye na fundi wa mashine, Ouma, walijenga chumba kisichopitisha hewa ya nje na kuweka mtambo wa kunyonya unyevu. Kila fungu lilipikwa Jumapili asubuhi na trei zikageuzwa kila baada ya saa nne, ili kufikia Ijumaa mchana ziwe zimekauka na Sabato iwakute watu wamepumzika. Wakaguzi walisema wakiona mafungu matatu mfululizo yasiyo na dosari, watatoa kibali cha kuuza madukani. Ajira za watu tisa zilitegemea kibali hicho.

Januari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa Kisii na Nairobi, akivumilia mengi bila kulalamika. Fungu la kwanza lilipita Juni mwaka huu, la pili Agosti. Jumapili tarehe 7 Septemba alipelekwa kiwandani, akakaa kwenye kiti, akashika tepe kwa vidole, akamwambia msaidizi wake Gladys, "Ni nene kidogo. Punguza." Gladys akapunguza. Hilo ndilo lililokuwa fungu la tatu. Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Damaris alifariki nyumbani, mumewe akiwa amemshika mkono.

Kwetu, mtu akifa, jembe huwekwa chini hadi azikwe. Mchana huo huo kaka yake mkubwa, Mzee Obadiah, alifika Mosocho akakuta trei zinageuzwa.

"Mwili uko mochari na nyinyi mko kazini?" aliuliza. "Watu watasema tulimchoka."

"Mashine imezimwa, mzee," Gladys akamjibu. "Ni kugeuza tu. Tukiziacha hadi mazishi zitakuwa tonge moja."

"Basi ziwe tonge. Mtapika zingine."

"Tutapika," Ouma alisema, "lakini hesabu itaanza upya kutoka moja. Na yeye hatakuwepo kutuambia tepe ni nene."

Wakampigia Mwalimu Haron simu. Mwalimu alimwambia Mzee Obadiah, "Shemeji, mimi nimeishi naye miaka thelathini. Angalisikia kapsuli zake zimeshikana kwa sababu yake, angalinilaumu mimi." Mzee Obadiah alirudisha simu, akaomba koti jeupe.

"Vua saa kwanza, mzee," Gladys akamwambia. "Haiingii humo ndani."

"Hata saa?"

"Hata pete."

Alivua vyote. Alishika zamu ya mchana kila siku hadi Ijumaa. Kapsuli zilikauka, hazikushikana, wala hazikuvuja. Wakaguzi walichukua sampuli Jumanne wiki hii. Jibu halijaja.

Mama Damaris ameacha mume wake, Mwalimu Haron Anyona, watoto wake Gesare, Brandon na Ashley, mjukuu mmoja, kaka yake Mzee Obadiah, na wafanyakazi wenzake tisa, ambao leo tarehe 18 Septemba wamesimama pamoja na familia. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, kanisa la Nyanchwa, na majirani wa Kiogoro na Mosocho.

Jibu la wakaguzi likiwa zuri, watauza. Likiwa baya, wataanza kuhesabu tena kutoka fungu la kwanza; Gladys ameshaagiza jelatini. Mashine itawashwa Jumapili, saa mbili asubuhi.

Mungu amjalie Damaris pumziko lenye amani.