Randa ya Tano ya Mzee Alphonse Wilondja

Jumatano ya tarehe 12 Novemba 2025, katika chumba cha hospitali huko Flemingsberg, walikuwepo mama Concessa, mke wa marehemu, binti yake Olive pamoja na mjukuu Victoire mwenye miaka minne, jirani Khamis wa Vårby gård, Axel mwenye karakana, bibi Felicia mtunza ghala wa makumbusho, na muuguzi Mikael, ambaye kila mara alipasha mikono yake moto kabla ya kumgusa mgonjwa. Hao ndio walioshuhudia saa zake za mwisho, na familia imeomba majina yao yatangulie.

Marehemu Mzee Alphonse Wilondja alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Baraka, Fizi, nchini Kongo, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1967 hadi 1973, kisha akaingia karakana ya fundi Mmunga, alikojifunza useremala na adabu ya karakana ile, kwamba randa ya mtu haichukuliwi hivi hivi, mwenyewe hukunyoshea na kusema "shika," nawe hujibu "nimepokea," na kama amefariki basi mwanawe ndiye husema, na anayejibu bila kupewa hutembea na mwenye randa nyuma yake mpaka mambo yanyooshwe.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Concessa, wakajaliwa Emery mwaka 1988, Denise 1991 na Olive 1998, huyu wa mwisho akizaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, ambako familia ilikimbilia wakati wa vita, na ambako Mzee alitengeneza madawati ya shule, na majeneza madogo pia, bila kungoja aombwe mara mbili.

Walifika Stockholm tarehe 3 Juni 2009, wakapata nyumba Vårby gård, na mwaka 2012 Axel akamwajiri katika karakana yake huko Jakobsberg, inayokarabati madirisha na samani za zamani.

Februari 2021 makumbusho yaliagiza nakala tano za randa za maseremala wa kale, randa zilizochimbuliwa kwenye tope chini ya mtaa wa zamani wa mji huu, baada ya kulala humo karibu miaka mia saba. Khamis alimtania, "Mzee Fundi, wenyewe wameokota randa ya babu yao, ikabidi waite mtu wa Baraka awaonyeshe inavyoshikwa," naye Mzee alicheka wiki nzima.

Tarehe 16 Machi Mzee na Axel walikwenda ghala la makumbusho, wote wakiwa na glavu, lakini Felicia alipoona fundi anahangaika kulisoma bonde lililochimbwa na kiganja cha mwenye randa ya tano, alimruhusu avue glavu moja kwa dakika moja, naye akaweka kiganja chake humo, na kwa mazoea ya Baraka mdomo ukatamka "nimepokea," na hakuna aliyekuwa amesema shika. Waliokuwa karibu walidhani anashukuru. Nyumbani alisema, "Mama Emery, leo nimepokea kitu ambacho sikupewa," naye mama akamwambia ale kwanza, chakula kinapoa.

Nakala nne zilifanya kazi vizuri. Ya tano aliichonga ikiwa mpya, pande zake zote sawa, kama ilivyoagizwa, lakini ilinyofoa mbao vibaya, mpaka siku alipoihamishia mkono wa kushoto, mkono ambao hakuwahi kuutumia kazini, ikatoa maranda mepesi, marefu, yasiyokatika. Kufikia Mei bonde lilikuwa limejichimba ubavuni mwa randa hiyo, na Axel, mtu asiyeamini kitu asichokipima, alilipima, akalilinganisha na mchoro wa makumbusho, vikalingana kabisa, akaweka rula chini, akaenda kunywa kahawa. Makumbusho hayakuitaka nakala hiyo kwa kuwa haikuwa mpya tena, ikabaki kwa Mzee, naye tangu hapo akawa anafanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, hata kula.

Victoire alipoanza kusema vizuri, aliuliza mezani kwa Kiswidi kwa nini babu anakula kwa mkono wa babu mwingine, na alipoulizwa ni babu yupi, akajibu ni yule mwenye tope, akaendelea kula. Tangu siku hiyo mama Concessa aliweka sahani moja zaidi, bila maelezo, kwani hakutaka mtu akae mezani kwake na njaa.

Novemba 2024 Mzee alianza kuumwa tumbo, na tarehe 20 Januari 2025 madaktari wakagundua saratani ya kongosho. Hakuogopa kufa, aliogopa kufa akiwa na kitu cha mtu. Aliomba apelekwe ghalani kuweka sawa neno lake, lakini randa ya kale ilikuwa imefungiwa ikikaushwa hadi mwakani, na Felicia akalazimika kukataa mara mbili kwa barua za heshima, na mara ya tatu akaja mwenyewe kwa treni, Jumatano hiyo.

Alimwuliza mama Concessa nani husema shika, ikiwa mwenye randa hana mtoto anayejulikana. Mama alifikiri, akajibu, "Aliyeitunza." Basi Felicia, aliyeitunza ile ya kale miaka kumi na moja, aliichukua nakala ya tano iliyokuwa mezani kando ya kitanda, akaomba afundishwe neno lile mara mbili, akamnyoshea mgonjwa na kusema "shika." Mzee alinyosha mkono wa kulia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, akajibu "nimepokea." Victoire akauliza yule mwingine anakwenda wapi, na mlango ulikuwa umefungwa. Mzee alifariki saa kumi na dakika arobaini jioni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Flemingsberg, majirani wa Vårby gård waliopika kwa zamu, Khamis aliyeleta supu kila Jumapili na kurudi kuchukua sufuria bila haraka, wafanyakazi wenzake wa Jakobsberg, na bibi Felicia.

Lala salama, Baba Emery, ukapumzike katika amani ya Bwana.

Tarehe 24 Novemba mama Concessa, kwa niaba ya wanawe, alimnyoshea Axel randa ile, akasema shika, Axel akajibu, na kifuniko cha jeneza hili lililo mbele yetu kikarandwa nayo, kikakamilika siku hiyo hiyo, kabla ya saa tisa alasiri.