Jozi Tupu za Bi Mabano

Leo Ijumaa, saa kumi jioni, Bi Mabano atamkabidhi mlinzi kitambulisho chake, na miaka thelathini na miwili ya utumishi itakuwa imetimia. Jina hilo alipewa na dereva wetu, aliyemkuta akihesabu mabano kwenye karatasi kwa kidole huku midomo ikimchezacheza. Alinuna wiki nzima, kisha akalizoea.

Alianza kama karani katika ofisi yetu ya kumbukumbu za watu waliopotea, enzi za fomu na majalada. Kompyuta zilipokuja, mafundi walitutengenezea mafaili ya XML, maandishi yaliyojaa mabano, ambamo kila sifa ya mtu ilikuwa na lebo yake: urefu, kovu, nguo. Akaja baba mmoja kueleza kwamba mwanawe huanza kula mkate kwa pembeni, na lebo ya mkate haikuwepo. Mafundi walitaka hilo litupwe kwenye "mengineyo". Bi Mabano alikataa katakata. Baada ya siku tatu alikuja na lebo moja tu, aliyoiita jozi: upande mmoja ufunguo, yaani jambo linaloulizwa, upande wa pili thamani, yaani jibu lake. Tangu hapo familia husema lolote, na faili hulipokea.

Aliweka masharti mawili. Kila jozi ionyeshe nani kaiandika, la sivyo faili likataliwe. Na jozi isiyo na jibu isifutwe kamwe, kwa kuwa ni swali ambalo mtu bado analiuliza. Kila Jumatatu asubuhi alizisoma kwa sauti jozi zote tupu, nasi tukamtania kuwa anaita mahudhurio ya mizimu. Alicheka pamoja nasi, na Jumatatu iliyofuata akasoma tena.

Sababu tuliijua. Faili la kwanza katika muundo huo lilikuwa la dada yake pacha, aliyekwenda kuchukua gauni kwa fundi cherehani wakiwa na miaka ishirini na mitatu, asirudi. Kwenye nywele aliandika: nyeusi. Miaka kumi na moja iliyopita, mwezi uleule Bi Mabano alipoanza kuota mvi, tukakuta pameandikwa "mvi". Yeye alikuwa likizo. Jina la mwandishi halikuwepo, na bado faili halikukataliwa. Fundi mitambo alipekua mfumo siku mbili asione kitu, na tangu hapo hataki kukaa peke yake chumba cha kompyuta. Ikafuata jozi ya miwani, siku moja baada ya Bi Mabano kupata ya kwake. Mwaka jana alipoteguka mkono wa kushoto, faili nalo likasema mkono wa kushoto unauma. Sisi tulisisimka mwili. Yeye alisema anashukuru, maana anayezeeka yu hai.

Ufunguo mmoja ulibaki bila jibu: mahali alipo. Mfumo mpya unaoanza Jumatatu hufuta kila kilicho tupu, na Bi Mabano aliomba jambo moja tu kabla ya kuondoka, kwamba jozi hiyo isiguswe. Mimi ninayerithi dawati lake nilimwahidi. Jumanne nikafanya ujinga: niliikinga jozi hiyo kwenye nakala ya majaribio, kisha, nikiuandalia mfumo mpya, nikasafisha mafaili halisi, ambamo haikukingwa. Jozi mia nne na kumi na mbili zikaondoka. Nilijifungia chooni nikalia.

Hizo nimezirudisha zote kutoka kwenye nakala, na nimezikinga zisifutwe na mfumo mpya. Ya pacha haikuhitaji kurudishwa. Ilikuwepo palepale, kwa sababu haikuwa tupu tena. Iliandikwa: nje ya mlango wa nyuma, namsubiri dada amalize kazi.

Nilimwonyesha. Alisoma mara mbili, akafuta miwani, akaomba sherehe ya leo isipitilize saa kumi, maana amemweka mtu akisubiri vya kutosha.

Bi Mabano, tunakushukuru kwa kutufundisha kutofuta swali kwa kuwa tu limekosa jibu. Jumatatu nitazisoma mimi, kwa sauti, zote. Mlinzi ameshaambiwa aache wazi mlango wa nyuma. Tunawatakia maisha mema, nyote wawili.