Historia ya Mlinzi wa Rasi, na Siku Jabali Liliponyamaza

Ndugu, majirani, na ninyi mliovuka maji tangu asubuhi kuja kumsindikiza, tulieni kidogo mumsikie mtu wetu, karatasi hii imeandikwa na dada yake mkubwa, aliyeishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona sentensi inakimbia bila breki, vumilieni, itasimama yenyewe.

Marehemu, ambaye wote mlimwita Mlinzi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya mwisho upande wa kaskazini wa kisiwa, ile ambayo baada yake hakuna mti wala ua, ni nyasi fupi zilizolazwa na upepo, halafu mawe, halafu rasi, halafu maji. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho, siku aliyozaliwa upepo uling'oa mlango wa banda la kondoo, mkunga akasema huyu amekuja na vurugu zake, lakini mkunga alichemsha, maana kisiwa hiki hakijapata kuona mtu mkimya kama yeye, na maneno aliyopungukiwa yeye inasemekana alipewa dada yake.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 akamaliza Novemba 1966, na kwa kuwa maiti hasingiziwi, acha tuseme ukweli, hesabu ilimpiga chenga mwaka hata mwaka, ndiyo maana tarehe 2 Mei 1970, idara ya hifadhi ilipomwajiri kuwa mlinzi wa rasi, kazi yake kubwa ikiwa kuhesabu ndege, watu walicheka hadi wakakaa chini. Alihesabu miaka arobaini na moja, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, na waliomcheka wengi wao ametangulia kuwazika.

Kwa ninyi wageni, rasi yetu si mahali pa kupunga upepo, ni upepo unaokupunga wewe. Jabali lake linashuka mita mia moja na kumi kutoka kwenye nyasi hadi majini, limekatika ghafla kama mkate, na katika kila ufa, kuanzia Aprili, hukaa ndege wenye mgongo mweusi na kifua cheupe, wamesimama bega kwa bega kama waombolezaji, kila jike na yai lake moja juu ya jiwe tupu, wakipiga kelele usiku na mchana. Chini kwenye vihori, vile vighuba vya mawe, wamo sili, wanyama wa baharini wenye sharubu kama paka, wanatoa vichwa majini kukukodolea macho kama wapangaji waliokaa bila kulipa, na juu wanazunguka kunguru, ambao kondoo akizaa kwa shida huwahi macho ya mtoto kabla mama hajamlamba. Ukungu ukishuka huoni hata mkono wako, basi sisi wa huku tumezoea kupita njia ya ukingoni kwa masikio, kelele za ndege ziwe mkono wa kulia, zikizidi unavuta kushoto, zikififia unajua umeingia mno ndani, unarudi kulia kuzitafuta. Mwendo huo unafaa hadi mwisho wa Julai, makinda yanaporuka baharini na jabali kubaki kimya, baada ya hapo hata mlevi anajua apite bondeni.

Tarehe 20 Septemba 1975 alifunga ndoa na fundi cherehani wa kijiji, baada ya kumpelekea suruali ileile kushonwa mara nne, na yule fundi alituambia baadaye kwamba matundu yote yalikuwa ya kisu. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, aliyezaliwa tarehe 8 Januari 1979, ambaye ni fundi umeme ng'ambo, na leo yuko nasi, amesimama pale mlangoni, koti hajalivua.

Mwanzoni mwa Juni 2004 ugonjwa uliingia kwa ndege. Walianza kuanguka mmoja mmoja, kisha kwa makundi, vihori vikajaa mizoga hadi sili wakahama, na marehemu akahamia kwenye kibanda cha zamu kule nchani pamoja na wenzake, wakiokota na kuchoma kutwa nzima, usiku akilala hukohuko kibandani akinuka moshi wa manyoya. Sisi kijijini tulijua kuna maradhi, ila tulidhani ni ndege wachache, na upepo wa kusini wa siku zile haukutuletea sauti wala ukimya. Tarehe 9 Julai ndege wa mwisho akafa. Tarehe 10 marehemu aliteremka kuchukua magunia, hakuwa na nafasi ya kufika kwake, akasimama mlangoni kwa dada yake na kusema, "Dada, jabali limenyamaza. Mwambie mama mtoto asipite ukingoni, apite bondeni. Umesikia?"

Dada akasema amesikia. Akajitupia mtandio akatoka, lakini njiani akakutana na mke wa mwenye duka, aliyekuwa na habari mbichi kwamba karani wa bandari amehama kwake akiwa na sanduku moja na jogoo, na mkewe hataki kurudishiwa mume, anamtaka jogoo. Habari hiyo ikaingia jikoni kwa wifi yake ikiwa bado moto, wakacheka hadi sindano ikapotea sakafuni, wakaitafuta wote wawili wakitambaa, wakanywa chai, wakacheka tena, na dada akarudi kwake amefurahi. Hakukumbuka kingine.

Tarehe 11 Julai ukungu ulishuka saa tatu asubuhi. Mke wa marehemu akafungasha nguo kavu na mkate kwenye kikapu akampelekea mumewe, kwa masikio, kama alivyozoea kwa karibu miaka ishirini na tisa, na aliposikia kimya akaona amepotea ndani mno, akavuta kulia kuzitafuta kelele, akavuta tena kulia. Kikapu kilikutwa juu ya nyasi, hatua mbili kutoka ukingoni. Yeye alipatikana siku ya tatu, katika kihori cha sili.

Askari alipouliza kama mama yule alionywa, Mlinzi alimtazama dada yake, aliyekuwa amekaa pembeni na mdomo umefungwa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kisha akajibu, "Nilisahau kumwambia." Kijana wake alisikia. Alimzika mama yake, akapanda mashua ya mchana, na kwa miaka kumi na tisa hakukanyaga hapa hadi jana.

Kuanzia tarehe 1 Agosti 2004 marehemu alibeba mawe mgongoni, akayapaka chokaa na kuyapanga ukingoni, jiwe kwa kila hatua moja, hadi Oktoba 2013, ndiyo yale meupe mliyoyaona mkiingia. Ndege walirudi kidogo kidogo, na Mei mwaka huu tulimtoa kwa kiti hadi mlangoni, upepo ukatuletea kelele zao, akasikiliza hadi supu yake ikapoa.

Alianza kuugua mapafu Februari 2022, akalazwa ng'ambo tarehe 19 Oktoba 2023, akafariki tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi. Wiki moja kabla, dada yake alimwambia kuwa sasa anamwandikia kijana ukweli wote, naye akamshika mkono na kusema, "Kijana alimpoteza mama yake, akanipoteza na mimi. Akikupoteza na wewe, akija kisiwani atafikia mlango wa nani? Niache mimi na langu."

Dada huyo ndiye anayewasomea. Nimebeba habari za watu wote waliomo humu ndani, nyingine mpaka wenyewe hamjui kama ninazo, na moja tu niliyopewa ya kuokoa mtu niliiacha njiani kwa ajili ya jogoo. Mwanangu, baba yako hakusahau. Ni shangazi yako. Mlango wangu ukiukataa sitakulaumu, lakini usiukatae wa kwake, ufunguo uko juu ya kizingiti, cherehani ya mama yako imefunikwa mahali pake, na mashua ya mchana hailazimiki kuondoka na wewe.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, majirani waliokesha nasi, na walinzi wenzake, waliokokota jeneza kwa kamba pale gari liliposhindwa mawe.

Wewe ndugu yangu, mzigo wangu umeubeba miaka kumi na tisa, leo nimeupokea. Pumzika sasa kwa amani.